Kabla ya kutupa kaye ya pwantere

Bandugu watumikaji, na ninyi mama zetu munaongojea mwisho wa mwezi nyumbani, leo tuzungumze juu ya mashini ya mulangoni.

Kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi, sosiete moja baada ya ingine inaacha pwantaji ya karatasi. Mutumikaji anapitisha baji, mashini inalia, anaingia kazini. Ile saa inaenda mpaka ku seriva, na ku seriva njo kunatoka mushahara. Bakubwa wanatuambia: "Mashini haichoki, haiko na ndugu, na hainywi bia ya mutu." Hilo la bia ni kweli, tunalikubali pasipo haya. Tumejua mapwantere walioandika watu ambao hawakufika kazini hata siku moja, na wengine waliofuta jina la mutu juu ya ugomvi wa ku nyumba. Sendika hailii kaye kama vile mutu analia marehemu.

Tunakataa kitu kimoja: mashini ianze leo, na leo ileile kaye ichomwe. Programu inayohesabu jasho la watu inapaswa kujengwa kwa namna ambayo mutumikaji anaweza kuiuliza, nayo ijibu kwa ushuhuda. Kama haiwezi kujibu, tumepata tu mukubwa mwingine wa kutuambia "njo hivyo", na huyu hatuwezi hata kumungojea nje ya ofisi.

Tuseme yaliyotupata sisi wenyewe, sosiete tutaificha jina. Usiku mumoja wa mvua umeme ulikatika, jenereta ikachelewa kuwaka. Posti ya usiku ilikuwa tayari ndani tangu 22h00. Asubuhi mashini ikawaka upya, ikaandika watu wanatoka, lakini haikukumbuka kama waliingia. Kwa ile programu, mutu anayetoka pasipo kuingia hakutumika. Mwisho wa mwezi ekipi nzima ikakuta siku pungufu ku buletini. Tulipoenda ku ofisi ya mishahara, jibu lilikuwa moja: "Sistemi njo inasema." Mama mumoja aliyekuja pamoja na bwana yake akauliza kama ni sistemi itaenda kumwambia mwenye ligablo angoje. Hakuna aliyemujibu.

Aliyetuokoa ni muzee mumoja pwantere. Alikuwa anaendelea kuandika kaye yake kwa bic, kwa mazoea tu, hakuna aliyemutuma. Hata na ile kaye mukononi, tulipanda na kushuka ku ofisi wiki nyingi mbele ya malipo kurudi, na siku ya kulipa minervali ya batoto ilikuwa imekwisha kupita.

Tangu pale tukaanza kuuliza vijana wetu waliosoma informatiki. Sisi wengi tuliishia ku diplome ya Serikali, wengine hata pale hawakufika, lakini mambo haya yanafahamika kama mutu anayaeleza polepole. Tunayaandika hapa namna tulivyoyafahamu, ili siku watakapokuja kuwaonyesha mashini mupya mujue maulizo ya kuuliza.

Seriva ni ordinatere ambayo haiko mbele ya mutu. Inakaa mu chumba chenye baridi, pengine Lubumbashi, pengine Kinshasa, pengine ngambo ya bahari, ikisikiliza maneno yanayotoka ku mashini zingine na kuyajibu. Baji ya mulangoni, ordinatere za ofisi ya mishahara, benki, CNSS, vyote vinaongea nayo. Katikati kuna waya, kuna antena, kuna umeme wa SNEL, na kila kimoja kinaweza kukatika. Mujenzi muzuri wa programu anaanza na wazo hili: itakatika. Mujenzi mubaya anaijaribu programu yake mu ofisi yenye umeme na rezo safi, inatembea vizuri, wakubwa wanapiga makofi, kisha anaileta ku mugodi.

Kwa hiyo ulizo la kwanza: wakati rezo haiko, saa zetu zinakaa wapi? Mashini ya mulangoni inapaswa kuandika kila kupita ndani yake kwanza, pahali ambapo umeme ukikatika maandiko yanabaki. Kisha inatuma ku seriva. Na isifute kitu mpaka seriva ijibu kwamba imepokea na imekwisha kuandika. Jibu lisipokuja, itume tena. Mashini yetu ya ule usiku haikuwa hivyo. Ilikuwa inashika kila kitu mu kichwa, na umeme ulipoondoka kichwa kikabaki tupu.

Lakini kutuma tena kunazaa shida ingine. Pengine seriva ilikuwa imepokea, ni jibu njo lilipotea njiani. Munaijua ile shida ku simu, wakati wa kutuma makuta: rezo iko nzito, unabonyeza, kimya, unabonyeza tena, na kesho unasikia shemeki amepokea mara mbili na hana haraka ya kurudisha. Dawa yake haiko ngumu. Kila kupita kupewe namba yake palepale mulangoni. Ile namba haibadiliki hata mashini itume mara kumi, na seriva ikiona namba ambayo tayari iko nayo, inajibu tu kwamba iko nayo, pasipo kuandika mara ya pili. Vilevile kwa malipo yanayoenda ku benki.

Wanaosema haya ni mambo madogo, waangalie Uingereza. Posta ya kule ilianza kuweka programu inayoitwa Horizon mu mwaka 1999, Fujitsu njo waliijenga na kuitunza. Mu 2015, ku duka la posta la Dalmellington kule Scotland, mutumikaji alikuwa anaingiza pauni 8.000. Skrini ikakwama, akabonyeza tena na tena, na programu ikaandika kile kiasi mara ine. Hesabu ikaonyesha pauni 24.000 zimekosa, na hakuna hata moja iliyokuwa imetoka. Hilo lilikuwa kosa moja tu kati ya mengi. Tangu 1999 mpaka 2015, wasimamizi wa maduka ya posta zaidi ya 900 walihukumiwa kwa wizi au kwa kudanganya hesabu, na hesabu zenyewe zilikuwa zinatoka mu Horizon. Wengine walifungwa. Wengine waliuza nyumba ili walipe deni ambalo halikuwako.

Angalieni namna waliwafunga. Sheria ya kule ilikuwa inahesabu kwamba ordinatere inatembea sawasawa mpaka mutu aonyeshe kwamba haitembei. Sasa mwenye duka angeonyesha kwa kitu gani, wakati maandiko yote ya ndani yalikuwa ku mikono ya wale waliokuwa wanamushitaki? Tena waliambiwa hakuna mutu anayeweza kugusa hesabu za duka lao kutoka mbali. Kumbe watu wa Fujitsu waliweza. Alan Bates na wenzake, jumla 555, waliungana na kwenda ku tribinali, na mu Desemba 2019 hakimu Peter Fraser akaandika kwamba programu ilikuwa na makosa yanayoweza kuleta upungufu kama ule. Mu 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu. Miaka zaidi ya ishirini tangu kuanza kwa Horizon! Wengine walikuwa wamekwisha kufa.

"Sistemi njo inasema." Ni neno lilelile walilotuambia sisi.

Ndiyo maana ulizo la maandiko ya ndani ni kubwa kuliko yote. Mu kaye, pwantere akikosea, anapiga mustari juu ya neno, neno linaendelea kuonekana, anaandika lingine pembeni na kutia sinyatiri. Ukiona pahali pamefutwa kwa wembe, unajua kuna mambo. Seriva nayo ifanye vile: kitu kilichoandikwa kisifutwe, kosa linyooshwe kwa kuongeza mustari mupya, na mustari uonyeshe nani amebadilisha, siku gani, saa gani, kwa sababu gani. Hata mukubwa wa informatiki asiweze kupita pasipo kuacha nyayo. Na delege wa sendika akiomba maandiko ya mutu mumoja, yatoke, mwezi mzima, kila kuingia na kila kutoka. Code ya kazi ya 2002 inamulazimisha mwenye kutoa kazi ampe mutumikaji hesabu ya maandiko kila anapolipa mushahara. Lakini buletini inayosema tu "siku 22", pasipo kuonyesha ni 22 zipi, inamusaidia nani?

Sasa tufike ku jambo ambalo sisi watu wa Katanga tunapaswa kulijua mbele ya wengine: saa. Lubumbashi ikiwa 12h00, Kinshasa ni 11h00. Inchi yetu iko na saa mbili, na programu nyingi zinazokuja hapa zimetengenezwa na watu ambao hawajui hilo, ao wanaweka seriva Kinshasa na kusahau. Chukua mutu wa posti ya usiku. Anaingia 22h00, na kuingia kwake kunaandikwa kwa saa ya mashini ya mulangoni, ya huku kwetu. Anatoka 6h00, lakini kutoka kunaandikwa kwa saa ya seriva, ya Kinshasa: 5h00. Saa nane za kazi zimekuwa saba. Fanya vile posti 26 mu mwezi, zimeondoka saa 26, zaidi ya posti tatu nzima, na hakuna mwizi hata mumoja. Na ile saa ya mwisho pengine haikuwa ya bei ya kawaida. Kisha masaa 45 ya juma, saa sita za kwanza zinalipwa na nyongeza ya 30%, zinazofuata 60%, na siku ya pumziko 100%. Inayopotea ni ile ya bei ya juu.

Ongeza usiku wa mwisho wa mwezi. Mutu ameingia tarehe 31 na kutoka tarehe 1. Programu iliyofikiriwa kwa ajili ya watu wa ofisi, wanaoingia asubuhi na kutoka jioni, inaona tarehe 31 mutu ameingia hakutoka, tarehe 1 ametoka hakuingia, na inamukata siku mbili kwa posti moja. Tuliuliza kijana mumoja kama kunyoosha hilo kuko ngumu. Akacheka. Akasema ndani ya seriva kila kitu kiandikwe kwa saa moja tu, ile ya dunia nzima, na saa ya Lubumbashi ao ya Kinshasa itumike tu wakati wa kumuonyesha mutu; na posti ihesabiwe kama posti, kutoka kuingia mpaka kutoka, hata ikapita usiku wa manane. Kazi ya siku chache kwa mutu anayejua. Lakini kama hakuna aliyemwambia kwamba watu wanatumika usiku, ataijua wapi?

Vilevile majina. Sisi tuko na jina, postnom na prénom, na ku karieri moja unaweza kukuta Ilunga wanane. Programu ya ngambo iko na nafasi mbili tu. Ya tatu inaanguka, na Ilunga mumoja anapata avansi ya mwingine ku buletini yake. Matrikile njo imutambulishe mutu, jina libaki la kumwitia.

Kuna tena neno ambalo wale vijana wanalirudilia sana: yote ao hakuna. Mwisho wa mwezi seriva inahesabu siku, inakata 5% ya CNSS, inakata avansi uliyochukua, inaandika mushahara unaobaki. Kama umeme unakatika kisha kukata avansi lakini mbele ya kuandika mushahara, kesho inaanza tena, na avansi inakatwa mara ya pili. Programu iliyojengwa vizuri inafunga vile vitu vyote mu furushi moja: ao vyote vinaandikwa, ao hakuna kinachoandikwa na kazi inaanza upya kama vile hakuna lililofanyika. Si jambo la ajabu wala la bei. Vyombo vya kulifanya viko tangu miaka mingi. Kunaombwa tu mutu akumbuke kuvitumia.

Juu ya kopi ya akiba hatutasema mengi. Kila sosiete inasema iko nayo. Waulizeni mara ya mwisho walijaribu lini kurudisha hesabu za mwezi mzima kutoka mu ile kopi.

Tubaki sasa ku kaye. Bakubwa wanasema kushika mashini na kaye pamoja ni kulipa watu mara mbili kwa kazi moja. Tunawajibu na mambo ya Kanada, juu kule walifanya hesabu hiyohiyo. Serikali ya Kanada iliamua kubadilisha programu yake ya mishahara, iliyokuwa na miaka 40, kwa ingine iliyoitwa Phoenix. Ilikuwa programu ya PeopleSoft, na IBM njo walipewa kazi ya kuitengeneza ifanane na mahitaji ya kule. Walitazamia kuchunga karibu milioni 70 za dola kila mwaka. Wajuzi wa mishahara 1.200 wakaondolewa mu ofisi mbalimbali, pahali pao pakawekwa watu 550 katika muji mumoja mudogo, Miramichi. IBM walipoonyesha kwamba kazi yote itaomba dola milioni 274, na mufuko ulikuwa na 155, wakubwa hawakuomba nyongeza: waliondoa vipande vya programu. Kati ya vilivyoondolewa kulikuwa malipo ya nyuma, ile mushahara unaopanda na kulipwa tangu miezi iliyopita. Walikuwa pia wamepanga kuijaribu kwanza ku ministere moja. Wakalifuta jaribio. Mu Februari 2016 ikaanza, mu Aprili ikaenea kwa wote, watumikaji karibu 290.000, na programu ya zamani ikazimwa.

Mulio ulianza palepale. Kuna waliolipwa nusu, waliolipwa zaidi na kudaiwa kisha, na wale ambao hawakupata hata senti moja kwa miezi. Katikati ya 2017 watumikaji 150.000 walikuwa na shida ya mushahara inayongojea kunyooshwa, na makosa yalikuwa yamepita dola milioni 520. Mukaguzi mukubwa wa hesabu za Serikali, Michael Ferguson, alipochunguza mu 2018 hakusema mashini ilikuwa mubaya. Lawama aliiweka juu ya waliosimamia kazi: walijua programu iko na mapungufu, na waliianzisha hata hivyo, pasipo njia ya kurudi nyuma. Ili kuchunga milioni 70 kwa mwaka, wametumia zaidi ya miliari mbili kutengeneza.

Na wale ni Kanada, tajiri, wenye umeme usiokatika kila wiki. Masendika ya kule yalipata malipizi kwa wanachama wao kisha miaka mingi ya kupiga kelele, mpaka dola 2.500 kwa mutu kwa sendika kubwa yao. Sisi tungeweza kungojea miaka mingi na nini? Kwetu mwezi mumoja pasipo mushahara ni unga wa bukari umeisha na mutoto amerudishwa kutoka masomoni.

Muzee wa ekipi yetu alituambia pia jambo jingine ambalo hatutaki kulisahau. Mwaka 2003, wakati wenzetu zaidi ya 10.000 walitoka kazini kwa départ volontaire, kila mumoja alipewa karatasi yenye hesabu ya mwisho. Mabishano juu ya zile hesabu yameendelea miaka na miaka. Wenye kuchunga buletini zao za zamani mu sanduku waliweza angalau kusema kitu. Wengine walibaki na mudomo tu.

Kwa hiyo tumeandikia direksio ya sosiete yetu, na tunaomba delegasio zingine ziandike vilevile. Mashini na kaye vitembee pamoja miezi mitatu, na kati ya ile mitatu kuwe mwisho wa mwaka, wakati wa malipo mengi, ao angalau mwezi wenye sikukuu. Kila mwisho wa mwezi hesabu mbili ziwekwe mezani, na pahali zinaachana, waseme sababu kwa maandiko mbele ya kulipa. Mu ile miezi mitatu umeme ukatwe kwa makusudi, mbele yetu, posti ya usiku ikiwa ndani, ili tuone mashini itakumbuka nini. Na wakati hesabu zinaachana, mutumikaji alipwe kwanza kwa ile ya kaye, mabishano yafuate. Juu ya hili la mwisho direksio haijajibu.

Mpaka pale watakapojibu, kila mumoja achunge kaye yake mwenyewe. Ya kurasa 50 inatosha. Andika tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, jina la shefu wa ekipi, na kama rezo ao umeme ulikatika, uandike hata hilo. Mama, kama bwana amerudi amechoka na kalamu inamushinda, umuulize na uandike wewe. Delege watapita kwa kila posti kisha malipo ya mwezi huu, ya usiku kwanza. Mulete kaye na buletini pamoja.